Kibao cha Kukatia Kilichopinda: Kikaushe Pande Zote Mbili

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na huu ni wakati wetu wa kuzungumza juu ya afya ya jamii yetu.

Katika mazungumzo yaliyopita tulisema juu ya choo, kunawa mikono na kuchemsha maji ya kunywa. Leo tunaingia jikoni. Tunazungumza juu ya chombo kidogo ambacho hatukifikirii sana, yaani kibao cha mbao cha kukatia nyama, vitunguu na mboga, pamoja na ndugu yake, kibao cha chapati. Hasa tunataka kujua ni kwa nini kibao hupinda, tufanye nini kisipinde, na kikishapinda tukinyoosheje.

Najua mama mmoja anajiuliza, "Huyu sista leo amekuwa seremala?" Nisikilize kidogo, utaona kwamba jambo hili ni la afya.

KWA NINI MUUGUZI ANAZUNGUMZA JUU YA KIBAO?

Siku moja nilitembelea nyumba ya mama mwenye mtoto wa miezi 8. Mtoto huyo alikuwa ameharisha mara tatu katika muda wa miezi miwili. Kila mara alitibiwa akapona, kisha akaugua tena. Niliangalia choo, kilikuwa safi. Nje kulikuwa na mtungi wa kunawia mikono, na sabuni ilikuwapo. Maji ya kunywa yalikuwa yamechemshwa na kufunikwa. Mama alikuwa anafanya yote tuliyomfundisha, na bado mtoto alikuwa anaugua. Nilimwona amechoka na kukata tamaa.

Kisha akaanza kumtayarishia mtoto ndizi mbivu na parachichi. Akachukua kibao kilichokuwa kimelala karibu na jiko. Kibao hicho kilikuwa kimepinda kama kisahani. Katikati kulikuwa na bonde, na bondeni kulikuwa na unyevu na ufa mweusi. Nikamuuliza, "Mama, mara ya mwisho ulikata nini hapa?" Akasema, "Jana jioni tulikatia kuku. Nilikipangusa tu na kitambaa."

Sikukipeleka kibao kile kwenye maabara, kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba ndicho kilichomwuguza mtoto. Lakini chakula cha mtoto mchanga hakifai kukatwa mahali palipokaa maji ya kuku mbichi tangu jana. Ndizi ile haikuwa inakwenda kupikwa. Ingetoka kibaoni na kuingia moja kwa moja kinywani.

Kibao kilichopinda kina hatari tatu.

Ya kwanza, damu na maji ya nyama hukusanyika bondeni. Kibao kilicho sawa hupangusika na kukauka upesi. Kilicho na bonde hubaki na unyevu kwa saa nyingi, na viini hupenda unyevu. Kuku mbichi anaweza kubeba viini vya salmonela na kampilobakta, ambavyo huleta kuharisha, homa na maumivu ya tumbo. Kumwangalia kuku kwa macho hakuwezi kukuonyesha kama anavyo.

Ya pili, kibao kinapopinda na kunyooka mara nyingi hupasuka. Ndani ya ufa kitambaa hakifiki na sabuni haifiki vizuri.

Ya tatu, kibao kilichopinda hucheza mezani. Unabonyeza kisu upande huu, upande wa pili unainuka, na kisu kinateleza hadi kidoleni. Wakati mwingine aliyeshika kisu ni binti yako wa miaka 10 anayekusaidia kukata kitunguu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu yake mwaka 2015. Lilisema kwamba kila mwaka watu milioni 600 duniani huugua kwa sababu ya chakula kisicho salama, na watu 420,000 hufa. Kati ya hao wanaokufa, 125,000 ni watoto walio chini ya miaka 5. Kibao si sababu ya vifo vyote hivyo, lakini ni mlango mmoja, na mlango huu sisi wenyewe tunaweza kuufunga.

KWA NINI KIBAO HUPINDA?

Mbao ilikuwa mti, na mti hunywa maji. Hata ukishakatwa na kupasuliwa, mbao yake inaendelea kunywa maji na kuyatoa. Ikinywa, huvimba. Ikikauka, husinyaa. Haivimbi sana kwa urefu, bali kwa upana. Kama pande zote mbili za kibao zinavimba pamoja na kukauka pamoja, kibao hubaki sawa. Lakini upande mmoja ukiwa na maji na wa pili ukiwa mkavu, upande wenye maji hupanuka na mkavu hujikunja. Hapo ndipo kibao hupinda. Bonde hutokea upande uliokauka zaidi, na mgongo hutokea upande wenye maji zaidi.

Angalia tunavyofanya nyumbani:

Tunaosha kibao, kisha tunakilaza juu ya meza kikiwa na maji. Upande wa juu unapata hewa na kukauka. Upande wa chini unabaki umelowa usiku kucha. Asubuhi bonde liko juu.

Au tunakiegemeza karibu na jiko la kuni kikauke haraka. Upande unaoangalia moto unasinyaa, na wa nyuma bado una maji. Bonde linaelekea motoni.

Au tunakiacha ndani ya karai la vyombo tangu chakula cha mchana hadi jioni. Kinakunywa maji hadi kinachoka. Tukikitoa na kukianika kwenye jua kali, kinapinda, na mara nyingi kinapasuka pia.

Au tunaosha ule upande tuliokatia tu, siku baada ya siku, na upande wa pili hauguswi na maji hata kidogo.

Hapa kwetu mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, na jiko la ndani huwa na mvuke na moshi. Kibao kinapata unyevu hata kabla hakijaoshwa. Kwa hiyo sisi tunahitaji kuwa waangalifu zaidi.

Sasa ewe mama, shika neno moja tu katika mazungumzo ya leo, hata ukisahau mengine yote. Maji yanayokaa upande mmoja wa kibao ndiyo yanayokipinda, na maji hayo hayo ndiyo yanayofuga viini. Ukikausha kibao pande zote mbili, umefanya kazi mbili kwa mara moja.

USAFI WA KILA SIKU

Fanya hivi kila unapomaliza kukata:

1. Kwangua mabaki yote kwa mgongo wa kisu.

2. Osha kwa maji moto na sabuni, ukisugua kwa brashi kufuata nyuzi za mbao. Osha pande zote mbili na kingo zake, hata kama umekatia upande mmoja tu. Ukilowesha upande mmoja, lowesha na wa pili.

3. Suuza kwa maji safi yanayomiminika. Usikiloweke ndani ya karai.

4. Pangusa pande zote mbili kwa kitambaa safi na kikavu. Kile kitambaa cha kupangusia meza hakifai.

5. Kisimamishe kwa ukingo wake juu ya uchanja wa vyombo, hewa ipite mbele na nyuma. Wale mliojenga uchanja baada ya kufundishwa na wahudumu wa afya ya jamii, hapo ndipo mahali pake. Jua la asubuhi ni zuri, lakini kigeuze baada ya muda ili pande zote mbili zipate jua. Usikiache katika jua la saa sita.

6. Kikishakauka kabisa, kihifadhi kikiwa kimesimama au kimetundikwa msumarini. Usikilaze nyuma ya sufuria wala chini ya mtungi wa maji.

Ukiwa umekata kuku, nyama, matumbo au samaki mbichi, ongeza jambo moja. Baada ya kuosha kwa sabuni, tumia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato. Soma kwenye chupa. Kama ni ya asilimia 3.5, tia vijiko 2 vikubwa katika lita 4 za maji safi. Mimina juu ya kibao pande zote mbili, ngoja dakika chache, kisha suuza na ukaushe. Usichanganye dawa hiyo na ndimu wala siki, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu. Weka chupa mbali na watoto.

Wengi husugua kibao kwa chumvi na ndimu. Hiyo huondoa harufu ya kitunguu na samaki, na si vibaya. Lakini haitoshi kuua viini vya kuku. Sabuni na maji moto kwanza.

Kama unaweza, uwe na vibao viwili, kimoja cha nyama mbichi na kingine cha mboga, matunda na chakula kisichopikwa tena, kama kachumbari. Kichome kile cha nyama alama pembeni kwa msumari wa moto ili hata watoto wajue. Kama una kibao kimoja tu, anza na mboga na matunda, malizia na nyama, kisha osha. Unaweza pia kutumia upande mmoja kwa nyama na wa pili kwa mboga, lakini osha meza pia, kwa maana ule upande wa nyama umelala pale.

Na kibao cha chapati je? Hicho huwa hatukioshi vizuri kwa sababu kina unga na mafuta. Unga uliolowa hushika kwenye mbao na kuoza. Kwangua unga ukiwa mkavu, osha upesi pande zote mbili, pangusa, simamisha. Usikikatie nyama mbichi kamwe. Kibao cha chapati kikipinda, utaona chapati zinatoka nene katikati na nyembamba pembeni, au kinyume chake. Hiyo ni ishara ya kukinyoosha.

JINSI YA KUKINYOOSHA KIBAO

Kwanza tazama kimepindaje. Kilaze juu ya meza iliyo sawa. Kama kimekuwa kama kisahani, yaani kina bonde upande mmoja na mgongo upande wa pili, kinaweza kunyooka. Kama kimejinyonga, pembe moja ikiangalia juu na nyingine chini, ni vigumu, na utahitaji seremala.

Kwa kilichopinda kama kisahani, fanya hivi:

Osha kibao vizuri. Chukua kitambaa kinene kilicho safi, kiloweshe, ukikamue kisidondoke maji. Kitandaze mahali palipo sawa. Weka kibao juu yake, bonde likiangalia chini kwenye kitambaa, na mgongo ukiangalia juu kwenye hewa. Hapo upande uliokuwa mkavu utakunywa maji na kupanuka, na upande wa mgongo utakauka na kusinyaa. Kibao kitaanza kurudi chenyewe.

Baada ya saa chache weka uzito juu yake, kama matofali mawili au jiwe la kusagia wimbi, juu ya kitambaa kikavu. Usiweke mzigo mzito tangu mwanzo kwa kulazimisha, kinaweza kupasuka. Kiache hadi kesho yake. Kitazame asubuhi na jioni. Kingine hunyooka kwa siku moja, kingine kwa siku mbili au tatu. Lowesha kitambaa tena kikikauka. Kikishanyooka, kitoe mara moja, la sivyo kitapinda upande wa pili.

Njia nyingine inafaa sana huku kwetu. Asubuhi nyasi zikiwa na umande, tandaza kitambaa safi juu ya nyasi, weka kibao, bonde chini na mgongo juu ya jua. Umande unalowesha chini, jua linakausha juu. Kichunguze kila nusu saa. Weka mahali ambapo kuku na mbwa hawafiki.

Kikishanyooka, usikimbilie kukitumia. Kioshe tena kwa sabuni, kwa sababu kimekaa kwenye kitambaa chenye unyevu. Kisha kisimamishe mahali penye hewa na kivuli kwa siku mbili tatu, kikauke polepole pande zote. Baada ya hapo kipake mafuta.

Kama bado kinacheza kidogo, weka kitambaa kilicholowa na kukamuliwa chini yake unapokata. Hakitateleza. Lakini kitambaa hicho kifuliwe na kuanikwa kila siku, na kibao kisiachwe juu yake baada ya kazi.

Kama kimebaki na bonde dogo na kina unene wa kutosha, mpelekee seremala akipige randa pande zote mbili, kisha msasa. Randa huondoa pia mikwaruzo ya kisu. Kibao hutoka kama kipya, ila chembamba kidogo.

MAFUTA GANI YAPAKWE?

Mafuta huziba vinyweleo vya mbao ili maji yasiingie kwa haraka. Hapa nisikilize kwa makini sana, maana makosa ni mengi.

Mafuta yanayofaa hupatikana katika duka la dawa, na chupa yake huandikwa Liquid Paraffin. Ni maji mazito yasiyo na rangi wala harufu, na ni ile dawa wanayopewa watu wenye shida ya kufunga choo. Jina lake lisikudanganye. Hayo si parafini ya taa na stovu. Mafuta ya taa ni sumu, usiyapake kamwe kwenye kibao wala chombo chochote cha chakula. Mwambie mwenye duka, "Nataka ile ya kunywa," na usome chupa mwenyewe au umwombe mtoto wa shule akusomee.

Kibao kikiwa kikavu kabisa, paka pande zote mbili na kingo. Kiache usiku mmoja kikinywa mafuta, asubuhi upanguse yaliyobaki. Kibao kipya kipakwe siku tatu nne mfululizo, halafu mara moja kwa mwezi. Dondosha tone la maji juu yake. Likikaa kama ushanga, mafuta yapo. Likinywewa upesi, paka tena. Mwenye nta safi ya nyuki anaweza kuyeyusha sehemu moja ya nta katika sehemu nne za mafuta hayo, ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, si juu ya moto wenyewe.

Mafuta ya kupikia si sumu, lakini yakikaa kwenye mbao huharibika na kutoa harufu mbaya. Oili chafu ya gari, ile tunayopaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa, haifai kabisa. Vanishi na rangi pia hazifai, kwa sababu kisu huzimenya na vipande huingia katika chakula.

UKINUNUA AU KUTENGENEZEWA KIPYA

Ulizia mti. Mkaratusi umejaa huku kwetu na bei yake ni nafuu, lakini mbao yake hupinda na kupasuka kwa urahisi inapokauka. Mvule na muringa hushika umbo vizuri zaidi.

Ulizia pia ilikatwa lini. Maseremala huhesabu kama mwaka mmoja wa kukausha kwa hewa kwa kila inchi moja ya unene. Mti ulioangushwa mwezi jana hauwezi kutoa kibao kizuri leo. Kama una shaka, pima kipande hicho kwenye mizani ya dukani, ukiweke ndani wiki moja, kisha ukipime tena. Kama kimepungua uzito, bado kina maji.

Chagua chenye unene wa inchi moja au zaidi. Cha nusu inchi hupinda upesi. Tazama mwisho wa ubao, pale pete za mti zinapoonekana. Kama pete zimekaa kama upinde wa mvua, ubao huo utapenda kupinda. Kama zimesimama wima kama vijiti, utakaa sawa.

Usitumie kipande cha nguzo ya stima, cha ua au cha mbao yoyote iliyotiwa dawa ya mchwa. Dawa hizo ni sumu. Vipande hivyo visikatiwe chakula, na wala visichomwe kama kuni jikoni, kwa sababu hata moshi na majivu yake yana madhara.

WAKATI WA KUKIACHA

Kibao hakiwi cha milele. Kiache kama kina ufa unaoingiza ncha ya kisu, kama kimekuwa cheusi ndani na hakitoki kwa randa, kama harufu haiondoki baada ya kuosha, au kama kimejinyonga na kimekataa kunyooka. Kama mbao yake haina dawa wala rangi, kipasue kiwe kuni.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Nyanya mmoja aliniuliza, "Mjukuu wangu, sisi tulikata chinsaga mkononi na nyama juu ya jani la mgomba. Hatukuwa na vibao vyenu. Tulikosea?"

Hapana nyanya, hukukosea. Jani la mgomba lililooshwa ni zuri, kwa sababu hutumika mara moja na kutupwa, halihifadhi uchafu wa jana. Mama ambaye hana kibao cha pili anaweza kukatia nyama mbichi juu ya jani lililotandazwa kwenye sinia. Ila kukata mkononi kunahitaji uangalifu, hasa kwa watoto.

Mama mwingine aliuliza, "Sista, si afadhali tununue cha plastiki, kisichopinda wala kunywa maji?"

Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani walichapisha matokeo ya kulinganisha vibao vya mbao na vya plastiki. Waliona kwamba viini vilivyowekwa juu ya mbao vilipungua sana vikikaa, lakini kwenye plastiki iliyokwaruzwa na kisu vilikuwa vigumu kuondoa. Kwa hiyo plastiki si safi kwa sababu tu ni plastiki. Vyote viwili vinafaa kama vinaoshwa na kukaushwa, na vyote viwili ni hatari kama vina mikwaruzo na uchafu.

Baba mmoja aliuliza, "Nikipigilia vipande viwili vya mbao chini ya kibao, hakitapinda?"

Husaidia baba, lakini usivikaze kwa gundi na misumari mingi upana wote. Mbao bado itataka kuvimba na kusinyaa, na ikizuiwa itapasuka. Skrubu chache zenye nafasi kidogo ya kucheza ni bora. Na nafasi iliyo chini ya vipande hivyo ioshwe kila siku.

KISU KIKITELEZA, MTOTO AKIHARISHA

Mtu akijikata, bonyeza kidonda kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufungua kuchungulia, mkono ukiwa juu. Damu ikikoma, osha kwa maji safi na sabuni, funga. Usitie majivu, udongo, kahawa wala mafuta ya taa. Kidonda kikiwa wazi sana, damu ikikataa kukoma, au kidole kikipoteza hisia, nenda kituo cha afya. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS kama ilivyoandikwa kwenye pakiti, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na umlete kliniki apate pia tembe za zinki. Mlete haraka bila kungoja kama ana damu kwenye choo, macho yameingia ndani, anatapika kila kitu, hawezi kunywa au kunyonya, au amelegea.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Osha kibao pande zote mbili.
Usikiloweke, usikiache karibu na moto, usikilaze kikiwa na maji.
Kisimamishe kwenye uchanja kikauke mbele na nyuma.
Nyama mbichi na chakula cha mtoto visikutane kibaoni.
Kikipinda, bonde chini kwenye kitambaa chenye unyevu, mgongo juu.
Paka mafuta ya duka la dawa, si mafuta ya taa.

Yule mama niliyewasimulia alichoma kibao kile jioni hiyo hiyo. Alitengenezewa viwili vipya, akavipaka mafuta, na sasa vinasimama juu ya uchanja wake kila siku. Nilipopita kumwona miezi mitatu baadaye, alinionyesha kadi ya kliniki. Mtoto alikuwa ameongeza uzito na hakuwa ameharisha tena. Tulifanya mambo kadhaa pamoja, kwa hiyo sitakipa kibao sifa zote. Lakini mama huyo sasa anawafundisha jirani zake.

Leo jioni, kabla hujakata kitunguu, kilaze kibao chako mezani na ukibonyeze pembe moja. Kikicheza, unajua la kufanya.